Sherman Fairchild

Sherman Mills Fairchild (7 Aprili 1896 – 28 Machi 1971) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwekezaji kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kamera ya angani aliyoibuni mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kamera hiyo iliwezesha kutengeneza ramani kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege inayokwenda. Alianzisha pia kampuni za upimaji wa angani, za kuunda ndege, za vyombo vya kurekodi sauti na za elektroniki. Kampuni yake ya kamera ndiyo iliyotoa fedha za kuanzisha Fairchild Semiconductor, iliyochangia sana kuzaliwa kwa Silicon Valley.

Maisha ya awali

Fairchild alizaliwa mjini Oneonta, katika jimbo la New York, akiwa mtoto pekee wa George Winthrop Fairchild na Josephine Mills Sherman. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, na kuanzia mwaka 1907 hadi 1919 alikuwa mbunge katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Aliongoza pia bodi ya Computing-Tabulating-Recording Company, kampuni ya mashine za kuhesabia ambayo mwaka 1924 ilibadilisha jina na kuwa IBM.

Mwaka 1915 kijana Fairchild alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard. Akiwa mwaka wa kwanza alibuni njia ya kuunganisha shata ya kamera na taa ya kumulika, ili taa iwake wakati uleule shata inapofunguka. Shata ni kile kifuniko ndani ya kamera kinachofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kikaruhusu mwanga kuifikia filamu, kisha kikafunga. Kifaa hicho kidogo ndicho kitakachorudi tena na tena katika habari za maisha yake.

Masomo yake Harvard yalikatizwa na kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya, na madaktari waliwashauri wagonjwa wahamie mahali penye hewa kavu. Hivyo Fairchild alikwenda Arizona, akasoma katika chuo kikuu cha huko, na baadaye akaendelea katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 alitaka kujiunga na jeshi, lakini alikataliwa kwa sababu ya afya yake. Alitafuta namna nyingine ya kusaidia, akaiomba serikali mjini Washington imruhusu kutengeneza kamera bora ya kutumika kwenye ndege.

Tatizo la kamera iliyofungwa kwenye chombo kinachokwenda

Picha za angani zilikuwepo kabla ya Fairchild. Mfaransa Nadar alipiga picha akiwa kwenye puto mwaka 1858, na katika vita vya 1914–1918 majeshi ya pande zote yalipiga picha nyingi sana za mahandaki ya adui. Picha hizo zilimsaidia ofisa aliyetaka kuona kama mzinga umehamishwa. Mpimaji wa ardhi, ambaye anataka kuweka rula juu ya picha na kupata umbali wa kweli, hakuweza kuzitegemea.

Sababu kubwa ilikuwa shata. Kamera nyingi za wakati huo zilitumia shata ya pazia, yaani kitambaa chenye ufa mwembamba kinachopita mbele ya filamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa njia hiyo filamu haipati mwanga yote kwa pamoja: sehemu ya kwanza inapata mapema, ya mwisho inapata baadaye. Kamera ikiwa imesimama hakuna tabu. Ikiwa kwenye ndege, katika muda huo ndege imekwishasogea.

Mfano wa hesabu utaonyesha ukubwa wa kosa hilo. Tuseme ndege inakwenda kilomita 160 kwa saa, ambayo ni kama mita 44 kwa sekunde, na pazia linachukua sehemu ya kumi ya sekunde kuvuka filamu. Tangu pazia lianze hadi limalize, ndege imesogea zaidi ya mita 4. Kwenye ramani ya skeli ya 1:10,000 hizo ni karibu nusu milimita, upana ambao mpimaji yeyote angeuona. Isitoshe, kosa halienei sawasawa. Pazia likienda upande mmoja na mwendo wa picha, vitu hurefuka. Likienda kinyume, hufupika. Likikatisha mwendo, barabara zinazokutana kwa pembe mraba huonekana zimelala upande. Mtu aliyewahi kupiga picha kwa simu akiwa ndani ya basi, akaona nguzo za umeme zimeinama, ameliona kosa hilohilo. Vipokea mwanga vya simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kama lile pazia la zamani.

Fairchild alichagua kuiondoa shata mbele ya filamu na kuiweka katikati ya vioo vya lenzi. Mahali hapo miale ya mwanga kutoka pande zote za mandhari hukutana na kupishana, kwa hiyo shata inapofunguka filamu nzima hupata mwanga wakati mmoja. Kwa ndege ileile ya mfano wetu, shata ya namna hii ikifunguka kwa sehemu ya mia ya sekunde, chombo husogea chini ya nusu mita tu, na kosa hilo ni sawa kila mahali pa picha: picha hufifia kidogo sana lakini haipindi.

Wazo la shata ya katikati ya lenzi halikuwa geni. Ugumu ulikuwa kuitengeneza. Lenzi ya kamera ya angani ni kubwa, na vipande vya chuma vya shata lazima vifunguke vyote na kufunga vyote haraka sana, bila kuitikisa kamera na bila kukwama katika baridi ya juu. Serikali ilimpa Fairchild bajeti ya dola 7,000. Kazi ikala zaidi ya dola 40,000, na tofauti ililipwa na baba yake. Vita vilikwisha kabla kamera haijawa tayari kupelekwa mbele. Jeshi lilinunua kamera mbili tu, za kufundishia. Kwa biashara ya kawaida hapo ndipo mambo yangeishia: deni kubwa, mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo hana vita tena. Inafaa kusema wazi kwamba mvumbuzi asiye na mzazi tajiri asingefika hata hapo.

Baadaye jeshi liliagiza kamera nyingine 20 na kuifanya kamera ya Fairchild kuwa ya kawaida katika kikosi chake cha ndege. Mwezi Februari 1920 Fairchild alianzisha Fairchild Aerial Camera Corporation. Alikuwa bado hajatimiza miaka 24.

Ramani ya Manhattan

Wateja wa kiraia walikuwa wachache, kwa kuwa wahandisi wa miji waliamini mnyororo wa kupimia na darubini ya mpimaji, siyo picha. Fairchild aliona ni rahisi zaidi kuuza ramani kuliko kuuza kamera. Alipata ndege zilizobaki vitani, akaajiri marubani na wapiga picha, na kampuni mpya, Fairchild Aerial Surveys, ikaanza kupima miji kwa malipo. Mji wa Newark, New Jersey, ulikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo.

Kazi iliyompa jina ni ramani ya picha ya kisiwa cha Manhattan. Tarehe 4 Agosti 1921 ndege ilipaa hadi kimo cha futi 10,000, karibu mita 3,050, na katika dakika 69 zikapigwa picha 100 zilizolaliana, yaani kila moja ikionyesha tena sehemu ya ile iliyotangulia. Picha hizo zilikatwa na kuunganishwa kuwa picha moja ndefu ya kisiwa kizima, kila jengo na kila gati likiwa mahali pake. Upimaji wa kawaida wa eneo kama hilo ungechukua miezi mingi.

Mwaka 1924 kampuni hiyo ilikamilisha ramani kubwa zaidi ya picha, ya maeneo yote matano ya Jiji la New York. Miji mingine ilifuata, mara nyingi kwa sababu moja ambayo haikuwa ya kisayansi kabisa: picha iliyopigwa kutoka juu huonyesha nyumba na vibanda ambavyo mwenyewe hajaviandikisha kwa mkusanya kodi. Nchini Kanada tawi la kampuni lilipima misitu ya Quebec kwa ajili ya viwanda vya karatasi, katika maeneo yenye maziwa na vinamasi ambako kutembea kwa miguu kulikuwa shida.

Kasoro zilizobaki

Shata ilipotengenezwa vizuri, kasoro nyingine zilizokuwa zimefichwa nyuma yake zilijitokeza. Kazi ya wapiga picha wa Fairchild katika miaka ya 1920 ilikuwa kuzitafuta na kuziondoa mojamoja.

Ya kwanza ni nafasi kati ya picha. Ili picha ziunganishwe bila pengo, na ili ardhi iweze kuonekana kwa kina picha mbili zinapotazamwa pamoja, kila picha inatakiwa kulala juu ya ile iliyotangulia kwa kiasi cha asilimia 60. Picha ya sentimita 18 kwa 24 kwenye skeli ya 1:10,000 inafunika kilomita 1.8 kwa 2.4. Kwa kasi ya mfano wetu, upande mfupi ukielekea mbele, inabidi kupiga picha kila baada ya sekunde 16 hivi. Mtu mwenye saa mkononi na vidole vilivyoganda huchelewa, na pengo likitokea haligunduliki mpaka filamu isafishwe, wakati ndege imekwishatua na hali ya hewa pengine imebadilika. Kwa hiyo kamera za Fairchild zilipewa mota ya umeme ya kusogeza filamu ya mkanda na kifaa cha kufyatua shata chenyewe kila baada ya muda uliopangwa. Kamera ya aina ya K-3 ilitumika sana kwa kazi hiyo.

Ya pili ni kuinama. Skeli ya picha inategemea umbali wa lenzi hadi filamu ukilinganishwa na kimo cha ndege: lenzi ya milimita 305 kutoka mita 3,050 inatoa 1:10,000. Ndege ikilalia bawa moja, upande mmoja wa picha unakuwa mbali zaidi na ardhi kuliko mwingine, na picha moja inabeba skeli mbili. Ndiyo maana kamera haikufungwa moja kwa moja kwenye sakafu ya ndege. Iliwekwa kwenye fremu iliyoweza kuchezeshwa, na mpiga picha aliirudisha wima akitazama pimamaji. Fremu hiyo ilisaidia pia kupunguza mtikisiko wa injini, ambao huharibu picha hata kama shata ni ya haraka.

Ya tatu ni upepo. Upepo wa pembeni huisukuma ndege, hata ikawa pua inaelekea upande mmoja na chombo kinakwenda upande mwingine kidogo. Kamera iliyokazwa sambamba na mwili wa ndege itapiga picha zinazopangana kama ngazi badala ya kufuata mstari. Dawa yake ni kuizungusha kamera kwenye fremu mpaka iwe sambamba na njia halisi ya ndege juu ya ardhi, na kila upepo ukibadilika kuirekebisha tena.

Ipo pia kasoro isiyoondoka kwa kufunga kamera vizuri: majengo marefu na vilele vya milima huonekana vimeinama kutoka katikati ya picha kwenda nje. Hiyo ni tabia ya lenzi yoyote inayotazama kutoka sehemu moja. Katika kuunganisha picha za Manhattan, njia ya kawaida ya kuipunguza ilikuwa kutumia sehemu ya katikati ya kila picha na kuacha kingo.

Watu wanaofunga kamera za ramani juu ya magari leo wanakutana na orodha ileile: shata, muda kati ya picha, pembe ya kamera, mtikisiko, na tofauti kati ya mahali chombo kinapoelekea na mahali kinapokwenda. Vifaa vya setilaiti na vihisi vya mzunguko vimechukua nafasi ya saa na pimamaji.

Ndege iliyojengwa kwa ajili ya kamera

Kasoro ya mwisho ilikuwa ndege yenyewe. Ndege zilizobaki vitani zilikuwa wazi juu. Mpiga picha alikaa kwenye upepo na baridi kali kwa saa nyingi, mabawa ya chini yakimziba asione ardhi. Filamu iliganda na kukatika, mafuta ya mashine yalikuwa mazito, na mtu mwenyewe alichoka na kukosea. Fairchild aliwaomba waunda ndege wamtengenezee chombo kinachofaa. Aliona bei na michoro waliyompa haviridhishi, akaamua kuunda cha kwake.

Ndege hiyo, FC-1, iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1926 huko Long Island, New York. Ilikuwa na bawa moja juu ya mwili ili ardhi ionekane, chumba kilichofungwa chenye joto ambamo rubani na mpiga picha walikaa pamoja, na mabawa yaliyoweza kukunjwa ili ndege iingie kwenye banda dogo. Mwaka uliofuata ilitoka FC-2 yenye injini kubwa zaidi. Ikaonekana kwamba chumba kinachomfaa mpiga picha kinamfaa pia abiria na mfuko wa barua. Tarehe 19 Oktoba 1927 ndege ya FC-2 iliyokodishwa ilibeba barua za kwanza za Pan American kutoka Key West hadi Havana, Kuba.

Ndege nyingine ya aina hiyo, FC-2W iliyoitwa Stars and Stripes, ilikwenda Antaktiki na msafara wa Richard Byrd wa 1928–1930 na kutumika kupiga picha za ramani. Msafara ulipoondoka iliachwa chini ya theluji. Byrd aliporudi miaka michache baadaye ilifukuliwa na kurushwa tena.

Baba yake alikufa tarehe 31 Desemba 1924, na Fairchild akarithi mali yake, pamoja na hisa zilizomfanya kuwa mmoja wa wenye hisa wakubwa wa IBM. Alikaa kwenye bodi ya kampuni hiyo mpaka kufa kwake. Urithi huo ulimwezesha kuanzisha mambo mengi bila kuomba mikopo. Mwaka 1929 alinunua kiwanda cha ndege cha Kreider-Reisner mjini Hagerstown, Maryland, na mwaka 1936 shughuli za ndege zilitenganishwa na za kamera. Kampuni ya kamera baadaye iliitwa Fairchild Camera and Instrument.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati wa vita kiwanda cha Hagerstown kiliunda ndege za mafunzo za PT-19, ambazo marubani wengi wa Marekani na wa nchi rafiki walijifunzia. Baada ya vita ilifuata ndege ya mizigo C-119, maarufu kwa mikia yake miwili.

Kwa upande wa kamera, sehemu kubwa ya picha za angani za jeshi la Marekani zilipigwa kwa kamera zilizobuniwa na Fairchild. Kwa historia ya ramani, muhimu zaidi ni K-17. Wanajeshi walihitaji haraka ramani za nchi kubwa zisizopimwa, kama Alaska na sehemu za Pasifiki. Walifunga kamera tatu za K-17 kwenye ndege moja: moja ikitazama chini moja kwa moja, na moja kila upande ikitazama kwa mshazari. Zikifyatuliwa kwa wakati mmoja, picha tatu zilifunika ardhi yote kutoka upeo wa macho wa kushoto hadi wa kulia. Usahihi wake ulikuwa mdogo kuliko wa picha za wima peke yake, lakini ndege moja ilipima eneo kubwa sana kwa siku. Kazi hiyo ilihitaji kujua kwa uhakika pembe kati ya kamera moja na nyingine, maana kosa dogo la kufunga kamera ya pembeni linakuwa kosa kubwa karibu na upeo wa macho.

Kamera hizohizo zilitumika kuchagua shabaha za mabomu na kupima uharibifu baada yake. Tarehe 6 Agosti 1945 picha ya wingu lililopanda juu ya Hiroshima ilipigwa kutoka kwenye mkia wa ndege ya Enola Gay kwa kamera ya mkononi ya aina ya K-20, iliyobuniwa na kampuni ya Fairchild.

Fairchild Semiconductor

Mwaka 1957 wanasayansi na wahandisi wanane waliondoka katika maabara ya William Shockley huko Mountain View, California, kwa kutoridhika na uongozi wake. Walitaka kuendelea pamoja kutengeneza transista za silikoni. Wafanyabiashara wa benki waliowasaidia walizungumza na kampuni nyingi, zote zikakataa, mpaka walipofika kwa Sherman Fairchild. Alikuwa na umri wa miaka 61 na bado alipenda mambo mapya. Fairchild Camera and Instrument ilitoa fedha, ikijiwekea haki ya kuinunua kampuni hiyo mpya, na mwaka 1959 iliitumia haki hiyo.

Mteja wa kwanza alikuwa IBM, iliyoagiza transista 100 kwa dola 150 kila moja. Nafasi ya Fairchild kwenye bodi ya IBM haikuwa kizuizi. Mwaka 1959 Jean Hoerni alibuni njia ya kutengeneza transista juu ya uso bapa wa silikoni, na mwenzake Robert Noyce akaitumia kubuni saketi jumuishi, msingi wa vifaa vya elektroniki vya leo. Faida ya California ilipelekwa New York, na wahandisi walilalamika kwamba wakuu wa kampuni hawakuielewa kazi yao. Waliondoka mmojammoja na kuanzisha kampuni zao. Noyce na Gordon Moore waliondoka mwaka 1968 na kuanzisha Intel.

Maisha binafsi

Fairchild hakuoa wala hakupata watoto. Alipenda muziki wa jazi, tenisi, upishi na usanifu wa majengo. Nyumba yake mjini New York, iliyojengwa mwaka 1941 katika mtaa wa 65 Mashariki, ilikuwa na njia za mteremko badala ya ngazi. Kupenda muziki kulimfanya aanzishe mwaka 1931 kampuni ya vyombo vya kurekodi sauti, na mashine yake ya kudhibiti sauti ya Fairchild 670 bado inatafutwa na studio kwa bei kubwa.

Alikufa mjini New York tarehe 28 Machi 1971. Sehemu kubwa ya mali yake iliachwa kwa mifuko ya hisani inayosaidia elimu, sayansi na sanaa. Maktaba ya Sherman Fairchild katika chuo cha Caltech ina jina lake.

Kamera zake baada ya kifo chake

Miezi minne baada ya kifo chake, mwezi Julai 1971, chombo cha Apollo 15 kiliondoka kwenda mwezini kikiwa na kamera ya ramani iliyotengenezwa na Fairchild. Ilikuwa na lenzi ya milimita 76 na filamu yenye upana wa milimita 127. Pamoja nayo ilikuwepo kamera ndogo iliyopiga nyota wakati uleule, ili ijulikane kamera kubwa ilielekea wapi hasa, na kipimo cha leza cha kupata kimo. Utaratibu wa kuisogeza kamera nje na kuirudisha ndani ulisumbua safarini, mpaka ikakwama ikiwa nje. Tarehe 5 Agosti, njiani kurudi duniani, mwanaanga Alfred Worden alitoka nje ya chombo kuchukua makasha ya filamu, na akaitazama kamera hiyo kutafuta sababu. Kamera za aina hiyo zilikwenda tena na Apollo 16 na Apollo 17 mwaka 1972, na picha zake zikatumika kuchora ramani za sehemu kubwa ya ukanda wa kati wa Mwezi.

Fairchild Semiconductor nayo iliingia kwenye kamera. Katika miaka ya 1970 ilikuwa ya kwanza kuuza vipokea picha vya kielektroniki vya aina ya CCD. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitumia kimoja chenye nukta 100 kwa 100 kutengeneza kamera ya kidijitali isiyotumia filamu.

Hifadhi kubwa ya picha za Fairchild Aerial Surveys ipo katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Wanahistoria na wataalamu wa mazingira huitumia kujua mito ilipita wapi, viwanda vilisimama wapi, na mashamba yalienea hadi wapi kabla miji haijayafunika.